Uzio wa kiwanja cha mita 20 kwa 30: nimeujenga mara mbili, karibuni tujadili kabla mwingine hajarudia kosa langu

#1 Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Maswali kuhusu uzio wa nyumba ya makazi huulizwa hapa mara kwa mara, na karibu kila mara mjadala huishia kwenye bei ya tofali moja au ya rola moja ya waya. Mimi nina kiwanja cha mita 20 kwa 30 upande wa Goba, Dar es Salaam, mahali penye mteremko, na uzio wake nimeujenga mara mbili ndani ya miaka 3. Ukuta wa kwanza haukuanguka kwa sababu ya matofali mabovu wala fundi mwizi. Uliangushwa na maji, na hata kama ungebaki umesimama, ningelazimika kuuvunja upande mmoja kwa sababu ulikuwa umeingia kwa jirani. Kwa hiyo nitaanza na mambo hayo mawili, mpaka na maji, na vifaa vitafuata.

Kiwanja changu kimepimwa na kina bikoni 4 (alama za mpaka zinazowekwa na mpima), lakini siku ya kuchimba msingi bikoni moja haikuonekana, kumbe ilikuwa imefukiwa na kifusi. Fundi akanihakikishia kwamba mwembe ulioko kwenye kona ndio mpaka na kwamba majirani wote wanalijua hilo, nami nikakubali kamba ivutwe kutoka bikoni ya barabarani hadi kwenye mwembe. Miaka 2 baadaye mpima alipokuja na vifaa vyake, bikoni ilifukuliwa sentimita 40 ndani zaidi upande wangu, si pale kamba ilipoishia. Ukizitazama kwenye futi ya kupimia, sentimita 40 ni kitu kidogo, lakini zikianza na sifuri kwenye kona moja na kuishia 40 kwenye kona nyingine kwa urefu wa mita 30, unakuwa umemega ardhi ya jirani, pembetatu ya mita za mraba 6.

Mlipeni mpima arudi aonyeshe bikoni zote kabla jembe halijagusa ardhi. Mwiteni jirani wa kila upande pamoja na mjumbe wa serikali ya mtaa washuhudie kamba inavyovutwa, muandikishane na kila mmoja abaki na nakala. Bikoni zikionekana zisiguswe, maana kung'oa alama ya upimaji ni kosa kisheria, na hata fundi anayeisogeza kwa nia njema ili apitishe mtaro anakuingiza matatani. Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalisemi: mtaro wa msingi huwa na upana wa sentimita 45, ilhali ukuta wenyewe ni sentimita 15. Uso wa ukuta ukikaa juu ya mstari wa mpaka huku ukiwa katikati ya msingi, sentimita 15 za zege lako ziko chini ya ardhi ya mwenzio. Ukitaka uzio wote uwe wako, ukingo wa nje wa msingi ndio unaopaswa kuishia kwenye kamba. Ukitaka ukuta wa pamoja ukae katikati ya mpaka na mchangie gharama, hilo ni jambo zuri na huokoa fedha nyingi, lakini liandikwe.

Wenye viwanja visivyopimwa nawashauri wasikimbilie ukuta. Zoezi la urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango, likifika mtaani, wakazi hukubaliana kuachia vipande vya ardhi ili barabara zipite, na ukuta ulioutangulia mchoro ndio huwa wa kwanza kuvunjwa. Nguzo chache, waya na miti vinatosha kwa kipindi hicho.

Sasa maji. Jirani yangu wa juu ni mzee mstaafu ambaye uwanja wake unateremkia kwangu, na kabla sijajenga, maji ya mvua yalikuwa yakipita katikati ya kiwanja changu bila kumsumbua mtu, kwa sababu hapakuwa na mtu. Nilipojenga ukuta wa mita 2 na ushei kutoka kona hadi kona bila tundu hata moja, kumbe nilikuwa nimejenga bwawa. Masika ya kwanza maji yalituama upande wake hadi yakakaribia baraza lake, na yeye kwa ustaarabu wake hakusema neno. Masika ya pili, usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, ukuta ulilala. Mita 12 zilianguka upande wangu, zikavunja tenki la maji, na kwa bahati hapakuwa na mtu. Asubuhi mzee alikuja kunipa pole, wakati aliyestahili pole ya kwanza ni yeye.

Baadaye nilikaa na kijana anayesomea uhandisi akanionyesha hesabu, nami nikaona aibu. Maji yakituama kwa kimo cha mita 1, husukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 500. Yakiwa nusu mita, nguvu hiyo ni karibu kilo 125 tu, kwa sababu kimo kikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Ukuta wa tofali la inchi 6 umesimama kwa uzito wake juu ya kitako cha sentimita 15, na haukusudiwi kuzuia maji. Wala haukusudiwi kuzuia udongo, jambo ambalo huwapata wanaojaza kifusi upande mmoja ili kusawazisha uwanja kisha wakategemea uzio uwe ukuta wa kushikilia mlima.

Mara ya pili nilifanya hivi: nilitembea na mzee wakati mvua inanyesha, tukaangalia maji yanapoelekea kwa hiari yake. Pale yanapoingia tuliacha matundu mapana yenye nondo kwa kozi ya kwanza (mstari wa kwanza wa matofali), tukachimba mfereji wa zege ndani ya kiwanja changu hadi kwenye mtaro wa barabara, na kwenye maeneo mengine tukaweka mabomba mafupi ya plastiki ya inchi 4 kila baada ya mita 2, usawa wa ardhi. Masika mawili yamepita.

Karibuni kwa michango na marekebisho.

#2 Mkazi wa Dodoma

Mkuu, ahsante kwa uzi. Kwetu tatizo si maji yanayotiririka bali udongo wenyewe. Kiwanja changu kiko kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu wa mtoto, na mvua ikinyesha hufura kama unga wa ngano. Majirani wawili wamejenga kuta nzuri zenye rangi, na zote zimepasuka kuanzia chini hadi juu, mipasuko ya kuelekea kwenye kona. Je, nikichimba msingi mrefu zaidi nitapona, au niachane na ukuta kabisa?

#3 Fundi mwashi

Nimejenga nyuzio kwa zaidi ya miaka 15, nitamjibu ndugu wa Dodoma kisha niongezee machache kwa mwanzisha uzi.

Udongo wa mbuga hufura na kusinyaa kufuatana na unyevu, na tabaka la juu ndilo linalocheza zaidi. Kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuuondoa udongo huo hadi ufike kwenye ardhi ngumu, ujaze kifusi cha changarawe kilichoshindiliwa, ndipo umwage zege lenye nondo. Kwa nyumba gharama hiyo ina maana, lakini kwa uzio wa kuzunguka kiwanja kizima ni fedha nyingi za kuzika ardhini. Ya pili ni kukubali kwamba ardhi itacheza na kuchagua uzio unaocheza nayo: nguzo za zege au za chuma zilizosimikwa moja moja na wavu wa waya katikati. Nguzo moja ikiinama kidogo unaisimamisha, wala hakuna kinachopasuka. Ningekuwa wewe, ningejenga ukuta upande wa barabara tu, mita zile chache kwa msingi wa maana, na pande tatu zilizobaki niweke nguzo na waya.

Pia kata ukuta mrefu vipande vipande. Ukuta wa mita 30 uliojengwa bila kuachwa nafasi yoyote utajichagulia wenyewe mahali pa kupasuka, hata kwenye udongo mzuri, kwa sababu ya joto na baridi. Mimi huacha mwanya wa sentimita 1 hadi 2 kila baada ya mita 6 hadi 9, nguzo mbili zikiwa zimesimama bega kwa bega.

Kwa wanaotaka kujua idadi ya matofali wasije wakadanganywa, tuchukue kiwanja hiki hiki cha mita 20 kwa 30. Mzunguko ni mita 100. Toa geti kubwa la mita 4 na mlango mdogo wa mita 1, unabaki na mita 95. Tofali la inchi 6 lina urefu wa sentimita 45, na udongo wa kuunganishia ni kama sentimita 1, kwa hiyo kozi moja inakula matofali 207. Kimo cha tofali na udongo wake ni sentimita 24, hivyo kozi 9 zinakupa mita 2.16, ambayo ni kimo cha kutosha kwa makazi, na zinahitaji matofali 1,863. Chini ya ardhi, ukichimba sentimita 60, ukamwaga zege la sentimita 15 na kulaza matofali kwa ubapa kozi 3, unaongeza 621. Jumla ni 2,484. Nguzo zinapunguza kidogo na matofali yanayovunjika yanaongeza kidogo, kwa hiyo agiza 2,600. Fundi anayekuambia 3,500 kwa kiwanja kama hicho muombe akuhesabie kozi kwa kozi.

Kuhusu ubora, swali la kumuuliza mfyatuaji ni mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatoa matofali mangapi. Wengine hufyatua hata 50 ya inchi 6 na matofali hayo utayajua kwa kuyakwaruza na msumari, yanatoa mchanga kama sukari. Mimi hukubaliana na mteja 25. Matofali 2,600 kwa kipimo hicho yanakula mifuko 104, na kwa kipimo cha 50 yanakula 52, basi unaelewa kwa nini mmoja anauza kwa bei ya chini sana. Afadhali ununue saruji na mchanga mwenyewe, yafyatuliwe kwenye kiwanja chako huku unaona, yakae kivulini na kumwagiliwa maji asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kukosa, na yasijengewe kabla ya wiki 2. Zege na saruji hukaribia nguvu yake kamili baada ya siku 28, na haraka ya mwenye nyumba haiwezi kubadilisha hilo.

Nguzo ziwe kila baada ya mita 3, zenye nondo 4 za milimita 12 zilizoanzia ndani ya zege la msingi. Nimeshuhudia nguzo zilizoanzishwa juu ya matofali ya msingi, yaani nondo zimekaa juu juu kama mishumaa kwenye keki, na mwenye nyumba amelipia nondo zote.

#4 Niko Kigamboni

Fundi ameeleza vizuri, lakini kwetu pwani kuna la ziada. Mchanga wa ufukweni usikubaliwe hata ukiletwa bure, kwa sababu chumvi yake hula nondo kutoka ndani na baada ya miaka michache nguzo hupasuka kwa urefu, kutu ikijitokeza kama damu. Waya nao hauna maisha marefu karibu na bahari. Uliopakwa plastiki hustahimili zaidi ya ule wa zinki peke yake. Vilevile, walio karibu na ufukwe au mto wakumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, na uzio wa matofali hauwezi kuitwa kitu cha muda.

Swali langu ni hili: je, mtu aanze na uzio au nyumba? Mimi nilianza na uzio ili kuzuia wavamizi na wale madalali wanaouza kiwanja kimoja kwa watu wawili.

#5 Mwanzisha uzi

Nakubaliana na sababu yako, ila sikubaliani na hitimisho. Uzio kamili wa matofali kabla ya nyumba unaleta adha mbili. Malori ya mchanga na kokoto yakipita getini kila mara ni rahisi kugonga nguzo, hata dereva awe stadi, na nguzo ya geti ikigongwa kabla ya kukomaa haiponi. Pili, fedha inayokwisha kwenye ukuta ndiyo ingefikisha nyumba kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha). Nimeona viwanja vingi vyenye ukuta wa fahari na ndani yake majani marefu kuliko mtu, na ukuta kama huo unawapa wahalifu maficho.

Kinachomzuia mvamizi ni kuonekana kwa mwenye mali. Msingi wa uzio uliojengwa hadi usawa wa ardhi, bikoni zilizosafishwa, miti iliyopandwa mpakani, kibanda, na jirani anayekufahamu kwa jina ni ushahidi wa kutosha kwamba ardhi ina mwenyewe. Msingi ukiwa tayari, ukuta utaendelea wakati wowote, na malori yatapita juu ya sehemu iliyoachwa wazi upande wa barabara.

Wanaopakana na barabara wasisahau hifadhi yake. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake za 2009, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, wakati zamani ilikuwa mita 22.5. Ile alama ya X iliyowahi kupakwa kwenye kuta nyingi kandokando ya barabara zetu ilitokana na mita hizo. Nendeni TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) au TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), kutegemea barabara ni ya nani, mkaulize kwa maandishi, na kibali cha ujenzi kiombwe halmashauri kabla, kwa sababu uzio ni ujenzi kama ujenzi mwingine.

#6 Mama wa Moshi

Naona wote mnazungumza matofali na waya. Huku Kilimanjaro mipaka ya vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo, imelindwa na mimea iitwayo masale tangu enzi za mababu, na hakuna mtu mwenye akili anayethubutu kung'oa sale la mpaka. Jani lake ndilo pia linalopelekwa kwa mtu unapomwomba msamaha, kwa hiyo mmea mmoja unatenganisha mashamba na kupatanisha watu. Nakiri kwamba masale hayazuii mwizi wala mbuzi, na kwa hiyo kwenye nyumba yangu ya mjini nilipanda michongoma (mmea wa miiba).

Nitawapa uzoefu wangu. Niliotesha miche kwenye viriba, nikaipanda mistari miwili kwa kupishana, sentimita 30 kati ya mche na mche, mwanzoni mwa mvua za masika. Kosa la wengi ni kuiacha ipande juu haraka ili uzio uonekane mrefu, matokeo yake chini panabaki matundu ambayo mbwa na kuku hupita. Inatakiwa kukatwa ikiwa bado usawa wa goti, hata kama roho inakuuma, ili itoe matawi ya chini, kisha ikatwe tena usawa wa kiuno. Uzio wangu ulifunga vizuri mwaka wa tatu. Katika kipindi hicho nilivuta nyuzi 3 za senyenge kwenye fito, na michongoma ilipokua ikazimeza. Sasa hivi nalipa kijana wa kupogoa mara 3 kwa mwaka, na hiyo ndiyo gharama ambayo haiishi. Wenye watoto wadogo wasipande minyaa karibu na uwanja wa kuchezea, kwa sababu utomvu wake ukiingia machoni ni balaa, pamoja na kwamba minyaa hushika haraka kwa vijiti tu na haihitaji maji.

#7 Mkaazi wa Kiambu

Salaam kutoka Kenya. Huo mmea wa miiba unaonekana sana kwetu pia, sisi tunauita kaiyaba, na mashamba mengi ya zamani yamezungushiwa kwa huo. Ukiwa mzima na umepogolewa, hakuna ng'ombe wala mtu anayeupenya.

Ningependa kugusia uzio wa umeme kwa sababu umeenea sana mitaani kwetu na watu wanauelewa vibaya. Uzio wa umeme halali hauunganishwi moja kwa moja na umeme wa nyumbani. Kuna mashine maalumu inayotuma mpigo mfupi sana, takriban mmoja kila sekunde, wenye volti elfu kadhaa lakini wa muda mdogo mno, hivyo humshtua mtu na kumrudisha nyuma bila kumshika. Fundi wa mtaani anayechukua waya kutoka kwenye soketi na kuufunga kwenye senyenge anatengeneza mtego wa kuua, na wa kwanza kufa huwa ni mtoto anayefuata mpira au jirani mwenyewe. Nyaya ziwe juu ya ukuta, mahali ambapo mtoto hafiki, mabango ya tahadhari yawekwe, mashine iwe na betri kwa ajili ya umeme ukikatika, na fimbo ya chuma inayounganisha mashine na ardhi isimikwe vizuri, kwa maana bila hiyo uzio unakuwa pambo. Matawi yanayogusa nyaya hupoteza nguvu ya mpigo, kwa hiyo anayepanda kaiyaba chini ya nyaya za umeme amejitafutia kazi ya panga kila mwezi.

#8 Mwanzisha uzi

Nimejifunza hapo, hasa kuhusu kukata michongoma ikiwa usawa wa goti.

Kuhusu usalama nina mawazo ambayo huenda yakapingwa. Ukuta uliozibwa kabisa hadi juu unampa mwenye nyumba faragha, lakini mwizi akishaingia, faragha hiyo ni yake pia, kwani hakuna mpita njia wala jirani anayemwona. Kwenye ukuta wangu wa pili, upande wa barabara nimejenga kozi 6 za matofali ya kawaida na juu yake kozi 3 za matofali ya matundu. Mtu aliyesimama nje haoni sebule yangu, lakini taa ya uwani inaonekana, mtu akitembea kivuli chake kinaonekana, na upepo wa jioni unapita. Wakazi wa Dar es Salaam watanielewa kuhusu upepo. Nyumba ya jirani yangu wa chini imezungukwa na ukuta wa mita 3, na ndani ni tanuri. Vipande vya chupa juu ya ukuta sivipendi kabisa. Havimzuii mwizi mwenye gunia, bali humkata fundi, paka na mtoto.

#9 Niko Muscat

Ndugu zangu, nipo Oman kwa kazi na nina kiwanja Mkuranga ambacho ndugu yangu anakisimamia. Nimeshatuma fedha ya uzio mara mbili, na kila nikiuliza naletewa picha ya matofali yaleyale kwa pembe tofauti. Ningefanya nini ili kazi iende bila kuleta ugomvi wa kifamilia?

#10 Fundi mwashi

Pole, ndugu. Usitume fedha ya uzio, tuma fedha ya hatua. Hatua ya kwanza ni mpima na kuonyesha bikoni, ya pili ni mtaro na zege, ya tatu ni matofali ya msingi, ya nne ni kufyatua, na kuendelea. Kila hatua iwe na picha iliyopigwa na futi ya kupimia ikionekana: futi imesimamishwa ndani ya mtaro ili sentimita 60 zisomeke, futi imelazwa juu ya zege. Mtaro ukishafukiwa hakuna picha itakayokuonyesha kilichomo, kwa hiyo hapo ndipo pa kusimama kidete. Waombe pia video ya mtu anayezunguka kiwanja chote bila kukata, kuanzia bikoni hadi bikoni, kwani picha moja moja ndizo zinazodanganya. Na fundi alipwe kwa mita iliyokamilika, si kwa siku. Ndugu yako mpangie posho yake waziwazi, iwe na jina lake, ili asilazimike kuitafuta ndani ya saruji.

#11 Mkazi wa Dodoma

Nimeamua: ukuta upande wa barabara, nguzo na wavu pande tatu. Naomba vipimo vya nguzo na waya, na je, geti nilitengeneze la kusukuma pembeni kwenye reli au la kufunguka?

#12 Mwanzisha uzi

Kwa nguzo za zege, chukua za mita 2.4 na uzike sentimita 60, kila baada ya mita 3. Nguzo za kona na za geti ndizo zinazobeba mvuto wote wa waya, kwa hiyo ziwe nene zaidi na kila moja iwekewe mhimili wa kuegemea upande ambao waya unavutia. Nguzo za kati hazina kazi nzito. Zege la mashimo likae angalau wiki moja kabla ya kuvuta waya. Ununuapo wavu, uliza geji (namba ya unene wa waya) na ukumbuke kwamba namba ndogo ndiyo waya mnene: geji 12 ni mnene kuliko geji 14, na wauzaji wengine hutegemea wewe kudhani kinyume chake. Pitisha nyaya 3 nene za kunyoosha, juu, katikati na chini, ndipo uufunge wavu juu yake. Bila hizo, baada ya mwaka mmoja wavu utalegea kama neti ya goli la shuleni. Kwenye mbuga, acha pengo dogo chini ya wavu ili udongo ukifura usiusukume.

Geti la kusukuma linahitaji nafasi ya pembeni yenye urefu sawa na geti lenyewe, na reli yake hujaa mchanga na matope, kwa hiyo kwenye udongo kama wako ningeogopa reli kupinda. Chagua la kufunguka, la milango miwili, na lifungukie ndani ili lisizibe njia ya watu. Upana wa mita 4 unatosha kwa lori, na pia kwa gari la zimamoto siku ukilihitaji. Nguzo za geti zichimbiwe mita 1, ziunganishwe chini ya ardhi kwa mkanda wa zege lenye nondo unaopita chini ya mlango, ili ardhi ikicheza, zote mbili zicheze pamoja na komeo lisipishane. Mimi huo mkanda sikuuweka mara ya kwanza, na kwa miaka 2 tulikuwa tukifunga geti kwa kuliinua na bega.

Mzee jirani yangu amepita hapa jioni hii nikiwa naandika, anasema kwenye tundu la pili kutoka kona majani yameziba. Kesho asubuhi tutayasafisha kabla vuli haijaanza.